Kumwagilia Parachichi Wakati wa Kiangazi Nyanda za Juu Kusini

Katika sehemu kubwa ya Iringa, Njombe na Mbeya, nchini Tanzania, mvua hukatika mwishoni mwa Aprili au katika mwezi wa Mei, na haitegemewi tena mpaka Novemba. Wakati huo mahindi yamekwisha kuvunwa na mashamba mengi yamelala, lakini mparachichi haulali. Majani yake hubaki ya kijani mwaka mzima na hupoteza maji kila siku jua linapowaka, na katika maeneo mengi mti huchanua kati ya Julai na Oktoba, yaani katika miezi ileile ambayo udongo umekauka kuliko wakati mwingine wowote. Mkulima wa Hass, aina mojawapo ya parachichi, huona mashina yake yamefunikwa na maua mwezi Septemba, akaanza kuhesabu tani, kisha ikifika Desemba anakuta matunda machache yaliyodumaa. Ni kweli kwamba mparachichi kwa asili hupukutisha karibu maua yake yote, na hata katika shamba lililotunzwa vizuri ua linalofikia kuwa tunda si moja katika mia. Hata hivyo kuna upukutikaji wa asili na kuna upukutikaji wa kiu, na huu wa pili unazuilika.

Maelezo haya hayawezi kutumika kwa namna moja kila mahali. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na huko kiangazi ni kifupi na adui mkubwa ni maji kuzidi. Iringa mjini hupata takribani theluthi moja ya kiasi hicho, na shamba lisilo na chanzo cha maji huko ni shamba la mashaka. Njombe na Mufindi ziko katikati, zikiwa na baridi kali ya Juni na Julai, na Makambako ina upepo unaokausha majani hata siku ambayo jua si kali.

Umbile la mizizi ndilo linaloamua mambo mengine yote. Sehemu kubwa ya mizizi ya mparachichi inayonyonya maji iko ndani ya sentimita 30 za juu za udongo, na ina vinyweleo vichache mno ikilinganishwa na mizizi ya miti mingine, kwa hiyo mti hauwezi kuyafuata maji yaliyo chini sana hata kama yapo. Mizizi hiyohiyo inahitaji hewa kwa wingi. Udongo ukijaa maji kwa siku kadhaa mizizi hukosa hewa, na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, ambacho husambaa kwa kuogelea ndani ya maji ya udongo, huingia na kuiozesha. Mizizi iliyooza hainyonyi maji, na kwa sababu hiyo mti uliozama na mti wenye kiu huonyesha dalili moja: majani kulegea na kuning'inia. Mkulima anayeona majani yamelegea akakimbilia kufungua koki bila kuchimba anaweza kuwa anaumalizia mti wake. Ndiyo maana ninaweka uchunguzi wa udongo mbele ya vifaa vyote, na ningependa kila mkulima auzoee kabla hajanunua hata mita moja ya mpira.

Kuusoma udongo kwa mkono

Chagua miti michache itakayokuwa mashahidi wako kwa msimu mzima: mmoja au miwili juu ya mteremko, mingine katikati, mingine chini karibu na bonde, kwa kuwa udongo wa sehemu hizo haukauki kwa kasi moja. Simama chini ya mti, nusu ya umbali kati ya shina na ncha za matawi. Sogeza matandazo pembeni, kisha chimba polepole kwa jembe dogo au kisu kipana mpaka sentimita 20 au 25. Udongo wa juu usikudanganye. Unaweza kuwa mkavu kama vumbi ilhali chini kuna unyevu wa kutosha, na unaweza kuwa umelowa kwa ndoo ya jana ilhali chini yake pamekauka kabisa.

Chota konzi moja ya udongo kutoka chini ya tundu na uifinyange. Kwa udongo mwekundu wa mfinyanzi ulio mwingi Njombe na Mufindi, donge likishikamana, likaacha unyevunyevu kwenye kiganja bila maji kuchuruzika, mti bado una maji na hakuna sababu ya kumwagilia leo. Donge likishikamana lakini likapasuka vipande ukilirusha kidogo na kulidaka, wakati wa kumwagilia umefika. Likikataa kushikamana kabisa, umechelewa, na mti umekwisha kuanza kubana matumizi yake. Maji yakichuruzika kati ya vidole, funga koki na utafute njia ya kuyatoa. Udongo wa kichanga hauundi donge imara hata ukiwa na unyevu wa kutosha, hivyo hapo angalia rangi na ubaridi: ukiwa na maji huwa mweusi kidogo, hupoa mkononi na chembe zake hung'ang'ania ngozi.

Ukiwa bado umepiga magoti hapo, tazama mizizi. Mizizi hai ya kulishia ni myeupe au ya rangi ya krimu, na mara nyingi hupanda mpaka ndani ya majani yaliyooza chini ya matandazo. Ukikuta mizizi myembamba imekuwa myeusi na inakatika kwa urahisi kama uzi uliooza, huku udongo ukiwa na majimaji, umekwisha kupata jibu la majani yaliyolegea, na jibu hilo halihitaji maji. Ukikuta mizizi ya kahawia iliyosinyaa katika udongo mkavu, hiyo ni kiu. Rudisha udongo na matandazo kama vilivyokuwa kabla ya kuondoka, kwa maana mizizi hiyo haivumilii kuachwa juani.

Saa chache baada ya kumwagilia, rudi na kipande cha nondo nyembamba chenye mpini. Kichomeke ardhini chini ya mti: katika udongo uliolowa hushuka kwa urahisi, na kinapofika kwenye udongo mkavu husita. Kikisita sentimita 10 tu chini, maji uliyotia hayajafika kunakotakiwa hata kama juu pameonekana dimbwi. Wenye mashamba makubwa wanaweza kutumia tensiometa, ambayo huonyesha nguvu ambayo mzizi unahitaji ili kuvuta maji. Ikiwekwa kwenye kina cha sentimita 30, wengi huanza kumwagilia inaposoma kati ya kilopaskali (kipimo cha nguvu hiyo) 20 na 30, na katika mfinyanzi huweza kungoja mpaka karibu 40. Kifaa hicho ni kizuri, ila hakimwondolei mkulima wajibu wa kuchimba, kwa sababu kinasoma mahali pamoja tu.

Dalili kwenye mti wenyewe

Majani kulegea saa nane mchana siku ya jua na upepo, kisha yakanyooka jioni, si jambo la kutia hofu peke yake. Majani yaliyolegea saa moja asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, ni jambo jingine: usiku mzima mti umeshindwa kujaza maji yake. Kabla ya kufika hapo, jani la mparachichi hupoteza mng'ao wake na hujikunja kuelekea ndani kwenye mshipa wa kati. Ncha na kingo za majani makuukuu zinapoungua na kuwa za kahawia kuelekea Oktoba, sababu yaweza kuwa ukavu au chumvi, hasa kloraidi, ambayo mparachichi huichukia. Mbolea ya potasiamu yenye kloraidi ikirundikwa karibu na shina wakati wa kiangazi huongeza tatizo hilo.

Kwenye matunda, angalia kikonyo. Tunda lililopitia kiu kali hupata mkanda mkavu wa kahawia kuzunguka kikonyo, karibu na linaposhikana nacho, na ganda la kikonyo hubanduka. Tunda la namna hiyo huanguka au hubaki dogo. Seli za tunda la Hass huendelea kugawanyika kwa muda mrefu kuliko matunda mengi, kwa hiyo maji yaliyokosekana Oktoba huonekana katika ukubwa wa tunda miezi mingi baadaye, wakati wa kupanga madaraja ya kuuza nje. Mti ukipukutisha majani mengi, matawi yaliyoachwa wazi huungua kwa jua. Yapake chokaa iliyokorogwa na maji, hasa upande unaopigwa na jua la mchana.

Kiasi cha maji

Mkulima akiuliza mti unahitaji ndoo ngapi, swali la kumrudishia ni ukubwa wa kivuli chake. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na hesabu yote inajengwa hapo. Katika siku za baridi za Juni na Julai hewa ya nyanda hizi hudai takribani milimita 3 hadi 4 kwa siku, na Septemba na Oktoba hufikia 5 au zaidi, hasa penye upepo. Mparachichi hutumia kama asilimia 70 ya kiasi hicho. Kwa hiyo mti ambao kivuli chake kina kipenyo cha mita 3, yaani eneo la mita za mraba 7 hivi, mwezi Oktoba unahitaji karibu lita 25 kwa siku. Mti wenye kivuli cha mita 5 una mita za mraba karibu 20, na unahitaji karibu lita 70. Mche wenye kivuli cha mita moja unatosheka na lita 3. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, maji yanaongezeka mara nne; wengi husahau hilo na kuendelea kuupa mti wa miaka sita ndoo ileile waliyoupa ukiwa na mwaka mmoja.

Kiasi hicho cha siku hakimaanishi kumwagilia kila siku. Udongo mzuri wa mfinyanzi tifutifu huweza kushikilia karibu milimita 45 za maji yanayofaa ndani ya sentimita 30 za juu, na ni busara kumruhusu mparachichi atumie theluthi moja tu kabla ya kujaziwa, yaani milimita 15. Mti ukitumia milimita 3.5 kwa siku, yaani asilimia 70 ya zile 5 za Oktoba, hizo ni siku nne. Udongo wa kichanga hushikilia karibu nusu ya kiasi hicho, hivyo humwagiliwa kila baada ya siku mbili. Kwa mti wa lita 25, basi, katika mfinyanzi toa lita 100 mara moja kila siku ya nne, polepole, ziingie zote. Kutia ndoo moja kila jioni chini ya mti mkubwa hulowesha sentimita chache za juu, maji mengi hupaa na upepo kesho yake, na mizizi hufundishwa kukaa juu zaidi.

Mche mpya ni tofauti. Udongo uliotoka nao kwenye kiriba hukauka haraka kuliko udongo wa shimo unaouzunguka, na kwa wiki za kwanza mizizi yote imo ndani ya donge hilo dogo. Mche huweza kunyauka katikati ya shimo lenye unyevu. Umwagilie kidogo kila baada ya siku moja au mbili, karibu na shina, na usogeze maji nje kadiri matawi yanavyotanuka. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko na kusimikwa kichwa chini, ikiwa imekatwa kitako ili ijazwe, hufanya kazi hiyo vizuri kwa mwaka wa kwanza.

Kugawa maji katika majira

Juni na Julai, chunguza udongo kila wiki na umwagilie kwa nafasi. Mahali penye jalidi, kama mabonde ya Makete, Njombe na Mufindi, udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu, kwa hiyo ni vizuri kumwagilia mchana siku ambayo anga ni safi, upepo umetulia na baridi inaonekana kuja.

Agosti mpaka Oktoba ndicho kipindi kisichovumilia uzembe. Maua yenyewe hupoteza maji kwa hewa pamoja na majani, hivyo mti uliochanua sana una kiu zaidi ya ulivyokuwa mwezi uliotangulia, na baada ya hapo vitunda vya ukubwa wa punje ya njegere hushindana na machipukizi mapya. Ukiwa na maji machache, yatunze kwa ajili ya wiki hizo. Nimewaona wakulima wanaotumia bwawa lao lote Juni kwa sababu maji yapo, kisha Septemba wakabaki wanatazama tope, na ninasema kwa uzito wote kwamba mpango wa namna hiyo unaweza kupoteza mavuno ya mwaka mzima. Maji yakipungua zaidi ya hapo, usiyagawe sawasawa kwa miti yote kwa kuoneana huruma. Toa kipaumbele kwa miti michanga, ambayo kiu huiua, kisha kwa miti yenye afya iliyobeba maua. Miti mikubwa iliyodhoofika ipunguze matawi na uipe matandazo mazito; itapoteza zao la msimu mmoja lakini itaishi.

Vifaa

Mteremko ambao mkulima wa Kilolo au Rungwe huulalamikia wakati wa kulima ni msaada wakati wa kumwagilia. Tangi likikaa mita 10 juu ya shamba, maji hufika na shinikizo la baa moja bila pampu wala mafuta, na hilo linatosha mfumo wa matone. Laza mipira kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokata mteremko, si kushuka na mteremko, la sivyo miti ya chini itapata maji ya miti ya juu. Mti mchanga unatosheka na vitoa-tone viwili. Mti uliokua uwekewe mpira unaouzunguka, chini ya kivuli, mbali na shina. Vitoa-tone vinne vya lita 4 kwa saa hutoa lita 16, hivyo lita 100 zitachukua zaidi ya saa sita. Kwa miti mikubwa ongeza idadi ya vitoa-tone au tumia vinyunyizi vidogo vya chini ya mti, ambavyo hulowesha eneo pana linalofanana na mizizi yenyewe. Mimi huona vinyunyizi hivyo vinamfaa mparachichi mkubwa kuliko matone, palipo na maji ya kutosha.

Chujio si pambo. Maji ya mto yana tope na mwani, na tundu la kitoa-tone ni dogo. Safisha chujio kila unapomwagilia, fungua ncha za mipira mara moja kwa mwezi ili uchafu utoke, na weka kikombe chini ya kitoa-tone cha kwanza na cha mwisho kwa muda uleule. Tofauti ikiwa kubwa, kuna miti inayokufa kiu huku mfumo ukionekana unafanya kazi.

Asiye na mipira achimbe kisahani kuzunguka mti, kipana kama kivuli na kisicho na kina, akiacha tuta dogo karibu na shina ili maji yasisimame kwenye gome. Kisahani kibomolewe mvua zinapokaribia.

Matandazo yanaokoa maji mengi kwa gharama ndogo: mabua ya mahindi, nyasi kavu, majani ya mparachichi wenyewe, unene wa sentimita 10 hadi 15, yakiachwa mbali na shina kwa kiasi cha sentimita 20. Yakaguliwe kwa ajili ya mchwa. Tahadhari kubwa zaidi ni moto. Agosti mpaka Oktoba mioto ya vichakani hupita kwa kasi katika wilaya zetu, na shamba lenye matandazo makavu lisilo na mkanda uliolimwa kulizunguka linaweza kuteketea katika alasiri moja. Lima mkanda huo Juni, wakati nyasi bado hazijakauka zote. Milingoti iliyopandwa mpakani hunyonya maji ya mistari ya kwanza ya parachichi; kama unahitaji kinga ya upepo, chagua miti isiyo na tamaa hiyo, au chimba mtaro wa kukata mizizi kati ya milingoti na shamba.

Chanzo cha maji na wenye haki nacho

Kuchepusha mto au kuchimba kisima kwa ajili ya kumwagilia kunahitaji kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Sehemu kubwa ya Iringa na Njombe, pamoja na Usangu, iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji yenye makao Iringa; Rungwe na Kyela ziko Bonde la Ziwa Nyasa, lenye ofisi Tukuyu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji, na eneo hilo lisilimwe. Mabonde mengi tayari yana vinyungu vya majirani wanaopanda mboga na mahindi mabichi kiangazi, na mto mmoja hulisha wote. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na matumizi ya maji ya juu yake ni sehemu ya sababu. Panga zamu na majirani kabla ya Agosti, jaza bwawa lako usiku au wakati mto bado una nguvu, na weka bwawa hilo karatasi ya nailoni ili maji yasinywewe na ardhi.

Mvua zinaporudi

Mvua za kwanza za Novemba huwashawishi wengi kufunga koki siku hiyohiyo. Mvua ya milimita 5 haipenyi matandazo; chimba kama kawaida, na uache kumwagilia pale tu unyevu wa mvua unapofika sentimita 30. Baada ya hapo kazi hubadilika kuwa ya kutoa maji. Angalia miti iliyopandwa kwenye mashimo makubwa yaliyojazwa udongo laini: udongo huo hushuka, mti hubaki ndani ya sinia, na katika mfinyanzi maji hukaa humo kwa siku. Chimba mtaro mdogo wa kuyatoa upande wa chini wa mteremko, na miche itakayoongezwa ipandwe juu ya tuta la sentimita 30 hadi 50. Jembe na buti zilizotoka kwenye mti wenye mizizi iliyooza zioshwe tope lote kabla ya kuingia mstari mwingine.